Tandu Hufuata Unyevu

Nilizaliwa na kukulia katika kijiji kimoja cha wilaya ya Pangani, mkoani Tanga, mahali ambapo mnazi ndio uliotulisha, ndio uliotuezekea nyumba, na ndio uliotupa moto wa kupikia. Nyuma ya jiko la bibi yangu palikuwa na lundo la makumbi lililozidi kimo changu, kwa sababu kila nazi iliyofuliwa penye kifuo iliacha kumbi lake papo hapo, na sisi watoto ndio tuliotumwa kuchukua makavu ya kukokea moto. Asubuhi moja ya masika ya mwaka 1989, nilipokuwa na umri wa miaka 11, niliyakuta ya juu yote yamerowa kwa mvua ya usiku, nikaingiza mkono katikati ya lundo kutafuta yaliyosalimika. Hapo ndipo nilipokutana na tandu.

Maumivu yalikuja kabla sijamwona. Yalikuwa kama ncha ya msumari uliotoka motoni, na nilipouchomoa mkono alikuwa bado amening'ang'ania kidole cha shahada, amejizungusha kwa miguu yake yote: mgongo wa kahawia iliyokolea, kichwa chekundu, miguu ya manjano. Nilimkung'uta akaanguka, akapotea ndani ya makumbi kwa kasi ambayo macho yangu hayakuiweza. Pale aliponishika palibaki vitone viwili vya damu vilivyokaa sambamba, vimeachana kwa nafasi ndogo kuliko punje ya mchele.

Bibi alivitazama vile vitone akasema, "Ni tandu huyo. Tulia, mjukuu wangu. Utalia usiku huu, lakini hutakufa." Alinifunga kipande cha kanga juu ya kiwiko, akanipaka kitunguu saumu kilichopondwa, na kweli nililia usiku kucha, mkono umevimba mpaka kwenye kifundo. Siku ya tatu uvimbe ulishuka, ukaniachia mwasho. Lakini neno lililonikaa zaidi ni lile alilolisema usiku wa manane, nilipomuuliza tandu amenifuatia nini. "Hakukufuata wewe," alisema. "Yeye anakaa penye majimaji, na wewe umeingia chumbani kwake."

Wakati huo sikulichukulia neno hilo kuwa elimu. Nililichukulia kuwa maneno ya kumliwaza mtoto, na kwa miaka sita iliyofuata niliua kila tandu niliyemwona, kwa ubao, kwa jembe, kwa kisigino cha kiatu, na niliona fahari kubwa kufanya hivyo.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka 1995, mwalimu wetu wa biolojia alitutaka kila mmoja alete mnyama mmoja mwenye miguu ya viungo. Wenzangu walileta panzi, buibui, kaa na jongoo. Mimi niliazimia kumleta tandu akiwa hai. Nilimnasa jioni chini ya jiwe karibu na kisima kwa kumfunika na chupa ya jemu na kupitisha kipande cha boksi chini yake, kisha nikatoboa mfuniko apate hewa, nikaiweka chupa dirishani, safi na kavu kabisa, nikidhani nimemfanyia wema. Kesho yake saa nane mchana nilimkuta amekufa. Alikuwa amepinda kama ndoana, na nilipomweka kiganjani alikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Panzi wa mwenzangu, aliyekuwa katika chupa ya namna ile ile dirishani hapo hapo, alikuwa anarukaruka.

Mwalimu hakunikemea. Aliziweka zile chupa mbili mezani akatuuliza kwa nini mmoja amekufa na mwingine yu hai, na alitueleza jambo ambalo tangu siku hiyo limenieleza karibu kila kitu kuhusu mahali tandu anapoishi. Gamba la panzi limepakwa juu yake nta nyembamba inayozuia maji ya mwili yasipotee, na matundu yake ya kupumulia yana vifuniko anavyoweza kuvifunga. Tandu hana nta ya kutosha juu ya gamba lake, na matundu yake ya pumzi, yaliyo ubavuni, hayafungiki sawasawa. Kwa hiyo kila saa anayokaa mahali pakavu ni saa ya kupoteza maji, na jua la mchana kwake ni adui mkubwa kuliko kuku. Ndiyo maana hukaa chini ya mawe, ndani ya magogo yaliyooza, katikati ya majani yaliyorundikana, katika nyufa za kuta za udongo na matumbawe, na ndiyo maana hutoka usiku, wakati hewa imepoa na umande umeanguka. Yale niliyokuwa nikiyaita maficho ya mdudu mwenye hila yalikuwa mahali pekee ambapo mwili wake ungeweza kumaliza siku ukiwa hai. Bibi alikuwa amenieleza yote hayo kwa sentensi moja.

Yule tandu mfu nilimchunguza kwa lenzi ya mkono kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote ya shule. Mwili wake ni bapa, na hapo nilielewa jinsi anavyoweza kupita mahali ambapo hata sarafu ingekwama. Umegawanyika katika pingili, na kila pingili ya kiwiliwili ina jozi moja ya miguu. Nilihesabu jozi 21, nikarudia mara tatu. Jongoo wa mwenzangu alikuwa na jozi mbili katika karibu kila pingili, mwili wake ulikuwa wa mviringo kama bomba, naye alijikunja tu alipoguswa. Jongoo hula majani yaliyooza, hana sumu ya kuchoma, na anachofanya akiudhiwa ni kutoa majimaji yanayotia doa vidoleni. Wazee wana msemo kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake, na nimewahi kuufikiria msemo huo nikiwa shambani, nikaona kwamba usingeweza kusemwa kuhusu tandu, kwa sababu tandu ukimnyanyua kwa kijiti atakuwa amekifuata kijiti mpaka mkononi kabla hujakitupa.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa kichwani. Watu wengi kwetu husema tandu huuma kwa meno, na wengine huamini kwamba huuma kwa pande zote mbili kwa sababu nyuma ana vitu viwili vinavyofanana na pembe. Vyote viwili si kweli. Silaha yake ni jozi ya kwanza ya miguu, iliyogeuka kuwa kulabu mbili nene zilizopinda chini ya kichwa, nyeusi kwenye ncha, na ndani yake mna tezi za sumu. Kwa hiyo vile vitone viwili vilivyobaki kidoleni mwangu vilikuwa alama za miguu, na kinywa chenyewe, kilicho juu ya kulabu hizo, ni kidogo na kimejificha. Miguu ya mwisho, ile inayodhaniwa kuwa pembe, haimsaidii kutembea. Huitumia kupapasa, kushika na kumtishia anayemjia kwa nyuma, na kwa kuwa inafanana kidogo na vipapasio vya mbele, adui huweza kukosea upande ulio na kichwa. Kila upande wa kichwa nilikuta vijicho vinne vidogo kama vumbi la makaa. Kwa macho hayo hutambua mwanga na giza, lakini si mengi zaidi, na kazi ya kuijua dunia hubaki kwa vipapasio, ambavyo havitulii hata kidogo anapotembea.

Baadaye nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe, niliwafundisha wanafunzi wangu jambo dogo la hesabu ambalo huwafurahisha kila mwaka. Lugha kadhaa za Ulaya humwita tandu kwa jina lenye maana ya miguu mia. Lakini jozi za miguu ya tandu aliyekomaa kwa kawaida huwa ni idadi witiri, kuanzia 15 hadi 191 kulingana na spishi, na ili miguu iwe mia kamili zingehitajika jozi 50, ambazo ni shufwa.

Mwaka 2006 nilimfuga tandu mmoja kwa wiki saba katika ndoo pana ya plastiki, nikiwa sasa najua anachohitaji. Niliweka udongo wenye unyevu kina cha kiganja, majani makavu juu yake, kumbi moja la nazi, na pamba iliyoloweshwa ndani ya kizibo cha soda. Mchana kutwa alikuwa chini ya kumbi. Usiku nilikaa karibu na ndoo na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe ulimrudisha mafichoni mara moja. Niliona mengi ambayo miaka ya kuua isingenionyesha. Nilimwona akinywa, ameinamisha kichwa juu ya pamba, ametulia kabisa isipokuwa vipapasio, kwa muda wa dakika kadhaa. Nilimwona akijisafisha, akikivuta kipapasio kimoja polepole kupitia kinywani kutoka shinani mpaka kwenye ncha, kisha cha pili, kisha mguu mmoja mmoja kwa zamu, kwa utulivu wa mtu anayetia udhu. Nilipomtilia mende, hakumkimbilia. Alisubiri mpaka kipapasio kimguse, na baada ya mguso huo sikuona tena kilichotokea, nilichoona ni mende ameshakamatwa, amekumbatiwa na miguu ya mbele, na kulabu zimezama. Katika wiki ya tano alijivua gamba. Lile gamba la zamani lilibaki limejikusanya kama soksi iliyovuliwa, na yeye alikuwa na rangi iliyofifia na mwili laini kwa siku mbili, hakutaka chakula. Mguu mmoja wa kushoto aliokuwa ameupoteza kabla sijamnasa ulikuwa umeota tena, mwembamba kuliko wenzake. Baada ya wiki saba nilimrudisha nilikomtoa.

Kisa ninachojutia nitakisema pia. Wakati wa vuli mwaka 2011, nikisafisha shamba la marehemu bibi, nilibiringisha gogo la mnazi lililooza na kumkuta tandu jike amejikunja juu ya kichala cha mayai. Mayai yalikuwa yapata thelathini, ya mviringo, yenye rangi ya maziwa yaliyochanganyika na manjano kidogo, na alikuwa ameyakumbatia kwa miguu yake yasiguse udongo. Hakukimbia. Alibana tu mwili wake zaidi. Nilijua kutokana na niliyosoma kwamba majike wa jamii hii huyalinda mayai yao kwa wiki nyingi, huyalamba ili kuvu isiyaoze, hukaa na watoto mpaka waweze kujitegemea, na katika muda huo wote hawali au hula kidogo mno. Nilijua pia kwamba jike akisumbuliwa huweza kuyatelekeza au kuyala mayai yake. Hata hivyo nilitaka kuwaonyesha wenzangu, nikalinyanyua gogo mara tatu siku hiyo, na kesho yake mara moja tena. Siku ya tatu hapakuwa na mayai wala mama. Tangu hapo gogo nililolibiringisha nalirudisha lilivyokuwa, na nalirudisha polepole.

Watu huniuliza kama tandu wote ni aina moja. Duniani zimeshaelezwa spishi zaidi ya 3,000, na hata katika eneo dogo la kutoka pwani ya Pangani mpaka miguuni mwa milima ya Usambara nimekutana na maumbo yanayotofautiana sana. Yule wa makumbi, ambaye ndiye huwauma watu wengi, ni wa jenasi ya Scolopendra, yaani kundi la spishi zilizo na undugu wa karibu, na spishi ya Scolopendra morsitans aliyoipa jina mwanasayansi wa Uswidi Carl Linnaeus mwaka 1758 imeenea karibu nchi zote za joto. Yuko mwingine mkubwa zaidi, Ethmostigmus trigonopodus, anayeweza kuzidi sentimita 15, ambaye miguu yake mara nyingine huwa na rangi ya samawati inayopendeza kwa kweli. Wako wembamba kama uzi wa kushonea mkeka, wasio na macho kabisa, wanaoishi ndani ya udongo na kuonekana tu jembe linapofukua. Wako wa nyumbani wenye jozi 15 za miguu mirefu inayofanana na nywele, wanaokimbia ukutani wakiwinda wadudu wadogo, na ambao hawana madhara ya kutajika kwa binadamu. Na katika magogo yaliyooza ya misitu iliyo chini ya Usambara nimemwona mara mbili wa jenasi ya Alipes, ambaye miguu yake ya mwisho imepanuka kama majani, naye akiudhiwa huitikisa ikatoa mchakacho kama wa majani makavu yanayosuguliwa. Mara ya kwanza nilipousikia nilirudi nyuma hatua tatu, na nadhani hilo ndilo alilolitaka.

Nilichojifunza kwa gharama kubwa zaidi, hata hivyo, nilijifunza nyumbani kwangu. Mwaka 2013 nilihamia katika nyumba niliyojijengea karibu na mji wa Muheza, na pamoja na yote niliyoyajua darasani, niliijenga kama mtu asiyewahi kusikia habari za tandu. Mabaki ya mawe ya msingi niliyaegemeza kwenye ukuta wa nyuma. Maji ya bafuni niliyaelekeza kwenye migomba iliyopandwa hatua mbili kutoka dirisha la chumba cha watoto. Kila jioni tulimwagia uwanja maji ili kutuliza vumbi, mpaka kwenye kizingiti. Mlango wa uani ulikuwa na uwazi chini unaopitisha kidole. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimetandaza njia ya unyevu kutoka shambani mpaka chumbani, kisha nikashangaa kuona tandu wanaifuata. Masika ya kwanza yalipofurika mashimo yao waliingia ndani kutafuta mahali pasipo na maji ya kuzama, na kiangazi kilipokausha ardhi waliingia tena kutafuta bafu. Nilikuwa nikiandika katika daftari kila tandu tuliyemwona ndani, na mwaka ule nilifikisha kumi na wanne.

Wa kumi na wanne alimuuma binti yangu mguuni, usiku, alipoingia bafuni bila viatu. Alikuwa na umri wa miaka saba. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuja na wembe na kamba, atuchanjie na kufunga, nikamshukuru na kukataa. Sikumruhusu kwa sababu kuchanja huongeza kidonda na kukaribisha vijidudu, na kamba ikibana huzuia damu bila kuizuia sumu. Tuliuosha mguu kwa maji na sabuni, kisha tukautia kwenye beseni la maji ya moto ya kadiri, ambayo mke wangu aliyapima kwanza kwa mkono wake mwenyewe asije akamuunguza mtoto. Joto hilo lilipunguza maumivu ndani ya muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Tukampa dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake na kukaa naye macho, tukiangalia kama atapumua kwa shida, atatapika, atavimba uso au atalegea, kwa sababu dalili kama hizo zingekuwa za kumkimbiza hospitali usiku ule ule. Hazikutokea. Asubuhi tulimpeleka zahanati aangaliwe na kuhakikisha chanjo yake ya pepopunda iko sawa. Vifo vitokanavyo na tandu ni nadra sana, lakini mtoto mdogo ana mwili mdogo, na sumu ni ile ile.

Wiki iliyofuata sikununua dawa ya kupuliza. Niliwahi kuijaribu kabla, na iliua mende na buibui huku tandu, ambaye mchana hukaa ndani kabisa ya nyufa, akiendelea kama kawaida. Badala yake niliitazama nyumba kwa jicho la mwili ule niliouchunguza kidato cha tatu, nikijiuliza ni wapi ambapo mnyama anayekauka haraka angeweza kufika bila kukauka. Niliyahamisha mawe mpaka mwisho wa kiwanja. Niling'oa migomba iliyokuwa karibu na ukuta na kulipeleka bomba la bafuni kwenye shimo lililofunikwa. Niliacha ukanda wa kokoto kavu, upana wa hatua mbili, kuizunguka nyumba yote, na tukaacha kumwaga maji kizingitini. Nilipigilia mpira chini ya mlango, nikaziba nyufa kwa saruji, nikaweka wavu kwenye tundu la kutolea maji bafuni. Watoto walizoea kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, kuchomeka chandarua chini ya godoro, na kuwasha taa kabla ya kukanyaga sakafu. Kuku wa kienyeji tuliowaongeza walifanya kazi yao pia: nilimwona tetea mmoja akimvuta tandu kutoka chini ya jani, akimdonoa kichwa mara mbili tatu kwa haraka, akimwachia, akimdonoa tena, mpaka akalegea ndipo akammeza kuanzia mbele. Mwaka uliofuata daftari langu liliandikwa tandu wawili tu ndani ya nyumba, na wote wawili walikuwa bafuni.

Kule mwisho wa kiwanja, yale mawe sasa yamefunikwa na majani ya mwembe, na chini yake panabaki na unyevunyevu hata kaskazi inapovuma. Sijayaondoa, na sikusudii kuyaondoa. Usiku wa masika yaliyopita binti yangu, ambaye sasa ni msichana mkubwa na kovu la mguuni limeshafutika, aliniita tukaangalie. Tulichuchumaa hatua tatu kutoka kwenye mawe, tumevaa mabuti, tochi imefungwa karatasi nyekundu. Mmoja alitoka, akapapasa ukingo wa jiwe kwa kipapasio cha kulia, kisha cha kushoto, akashuka mpaka kwenye jani lililokusanya maji ya mvua. Akainamisha kichwa akanywa. Binti yangu alihesabu miguu kwa sauti ya chini, akafika jozi ya kumi na saba, na tandu akageuka akarudi chini ya jiwe kabla hajamaliza.